Kioo, suruali, mizani au tepu: kipi kinakwambia ukweli wa mwili wako?

Mume wangu alitaka nimshonee suruali mbili za kazini. Nikamwambia asimame nimpime. "Unipime nini tena? Mimi ni thelathini na tatu tangu tumeoana." Na kweli, kwenye daftari langu la vipimo la 2009 ameandikwa 33, na suruali zake zote kabatini ni 33. Nikapitisha tepu pale anapofungia mkanda: inchi 33 na nusu. Nikaipandisha hadi usawa wa kitovu: 38 na nusu. Aliitazama ile namba, akasema nimeshika tepu vibaya. Nikarudia mbele ya macho yake. Ikaja ileile.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, tangu 2003. Miezi miwili baada ya siku hiyo alipimwa sukari ikakutwa imepanda, ndipo nikaanza kusoma na kuwauliza wataalamu wa lishe kila nilipopata nafasi. Mimi si daktari. Lakini tepu ndiyo kazi yangu, na swali hili linaingia dukani kwangu kila siku: mtu ajuaje mwili wake umefikia wapi? Atazame kioo, aamini nguo, apande mizani, apige hesabu ya BMI (uzito ukilinganishwa na urefu), au ajizungushie tepu? Naviweka hapa kimoja kando ya kingine, kwa jinsi nilivyoona kila kimoja kikifaa na kikishindwa.

Jicho, na maneno ya watu

Kioo unakitazama kila asubuhi, na mwili hauongezeki kwa siku moja. Unaongezeka kidogo kidogo kwa miaka, kwa hiyo jicho halipati pa kushtukia. Picha ya miaka kumi iliyopita inasema zaidi kuliko kioo cha leo.

Tatizo kubwa la jicho ni kwamba halina namba ya kusimamia. Linapima kwa kulinganisha na waliopo. Wifi yangu ana urefu wa mita 1.58 na kilo 82. Ukimuuliza, atakwambia yeye ni wa kawaida, na anasema kwa moyo safi, maana kati ya dada wanne yeye ndiye mdogo wa mwili. Wakikaa jamvini kwenye shughuli, ni yeye anayeambiwa aongeze wali. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, wifi yangu amepita mstari wa unene uliopitiliza. Kwa macho ya nyumbani kwao, ni mwembamba.

Na macho ya mtaa mzima yanasogea hivyohivyo. Tanzania, kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika 28 katika utafiti wa 2015-16. Kenya walitoka asilimia 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014. Wanene wakizidi, ule "wastani" ambao jicho linautumia nao unanenepa. Nairobi, kwenye mitaa ya Korogocho na Viwandani, watafiti waliwapima watu mnamo 2008 na 2009, kisha wakawaonyesha picha za maumbo, kutoka jembamba kabisa hadi nene kabisa, wachague lao. Wengi wenye uzito uliozidi walichagua umbo dogo kuliko lile ambalo mizani iliwapa. Hawakuwa na sababu ya kudanganya. Hivyo ndivyo walivyojiona.

Juu ya jicho kuna ulimi. Kwetu pwani mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, amependeza, ndoa imemkubali. Akipungua anaulizwa: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?" Siwalaumu wanaouliza. Walioishi miaka ya themanini na tisini wanakumbuka wagonjwa wa UKIMWI walivyokonda kabla dawa hazijafika, na Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa silimu kwa sababu hiyo. Kukonda kulikuwa habari mbaya iliyotangulia msiba. Hofu ile bado imo vinywani mwetu, na nimeona wateja walioanza kupungua vizuri kwa ushauri wa daktari wakaacha, wakarudia kula usiku, kwa kuchoka kuulizwa wanaumwa nini.

Upande wa pili upo pia. Wapo mabinti wanaosimama mbele ya kioo changu wakilia kwamba ni wanene, na tepu inasema hawana hata cha kupunguza. Kwa hao jicho linakosea kwa kuzidisha, na ni kosa la kuumiza vilevile.

Jicho, basi, lina faida moja tu ninayoitambua: linaona haraka mabadiliko ya mtu mwingine ambaye hujamwona muda mrefu. Kwa mwili wako mwenyewe usilitegemee.

Nguo

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi husema, "Mimi nguo ndizo zinaniambia." Inategemea nguo gani.

Dera halikwambii kitu. Baibui, kanzu, msuli na kanga havikwambii kitu. Sketi ya lasitiki inakufuata popote uendapo, na jinzi za siku hizi zinavutika, hivyo unaweza kuongezeka inchi mbili nzima bila kifungo kulalamika. Mwanamke anayeshinda ndani ya dera wiki nzima na kutoka na baibui anaweza kukaa mwaka mzima bila nguo hata moja kumbana.

Nguo ya kushonwa ndiyo yenye kumbukumbu, nayo tunaifuta sisi mafundi. Gauni la kitenge huwa naliachia akiba ya mshono ubavuni, karibu inchi moja kila upande. Mteja anakuja baada ya mwaka: "Fundi, nifungulie kidogo, limerudi kwa maji." Nafungua. Anakuja tena, nafungua tena mpaka akiba inakwisha, na alama za mshono wa zamani zinabaki kwenye kitambaa kama mistari ya maji kwenye ukuta. Ukitaka kujua ulivyokwenda, geuza gauni lako ndani nje uhesabu mistari hiyo. Nimewahi kumwonyesha mteja mistari mitatu kwenye gauni la sare ya harusi ya mdogo wake. Alipitisha kidole juu ya kila mmoja, akanyamaza.

Suruali ya mwanaume ndiyo inayopotosha kuliko nguo zote. Mwanaume kitambi kikimtoka habadilishi namba ya suruali. Anaishusha. Mwaka wa kwanza mkanda uko chini ya kitovu, baadaye unafika kwenye nyonga, na nyonga ni mfupa, haziongezeki sana. Kwa hiyo anaendelea kununua 33 kwa miaka kumi na tano akiamini kiuno chake ni kilekile, na tumbo lote limelala juu ya mkanda. Namba ya suruali yake ni sahihi kabisa, ila inapima mahali pengine.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Nina wateja Muscat, wananitumia vipimo kwa WhatsApp niwashonee nguo za shughuli. Nilipoanza nilikuwa nashona kama walivyoandika, na nguo zikifika hazifungi. Sasa nasema: apimwe na mtu mwingine, tepu ionekane kwenye picha, asiniandikie kwa kukumbuka. Watafiti wa nchi nyingi wamekuta tabia hiyohiyo kwenye madodoso: mtu akiulizwa uzito wake hutaja pungufu, akiulizwa urefu huongeza. Ni namba ya zamani ambayo mtu ameizoea kama jina lake.

Mizani

Mizani haina undugu na mtu, na hapo ndipo inapozidi jicho na nguo. Lakini uliza watu wazima waliijua lini kilo yao. Wanawake wengi watakutajia ile ya kadi ya kliniki, mtoto wa mwisho sasa yuko darasa la tatu. Wanaume watakutajia ya siku waliyochangia damu. Wengine ni ile mashine ndefu ya stendi, inayoita watu kwa sauti wapime uzito na urefu, ukapanda na viatu, simu, funguo na chai ya asubuhi tumboni.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndiyo maana kilo ya jioni na ya asubuhi hazifanani, na mtu mmoja anaweza kutofautiana kilo moja au mbili ndani ya siku bila kunenepa wala kukonda. Ukitaka mizani ikufae, iweke sakafuni pagumu, si juu ya zulia. Panda asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, na nguo nyepesi, mara moja kwa wiki siku ileile. Kama huiamini mizani yako, pandisha mfuko wa mchele wa kilo 25 ambao haujafunguliwa uone inasemaje.

Mizani haijui urefu wako, na kilo 70 za mtu wa mita 1.50 si sawa na kilo 70 za mtu wa mita 1.80. Wala haijui kilo hizo zimekaa wapi.

BMI

Hesabu hii inajibu lile la kwanza, la urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Wifi yangu: 82 kugawanya kwa 1.58, tena kwa 1.58, inakuja 32.8. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Kanuni ilitokana na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtu wa takwimu wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, si kutibu mtu. Jina la BMI lilikuja 1972 kwa Ancel Keys wa Marekani. Nayataja hayo kwa sababu yanaeleza tabia ya kipimo chenyewe: kinafaa sana kwa kundi, na kwa mtu mmojammoja kinaweza kuteleza.

Tazama watu wawili ambao nimewapima mwenyewe. Kijana mmoja kuli wa bandarini, mita 1.68, kilo 80. BMI yake 28.3, yaani amezidi. Mume wangu siku ile: mita 1.70, kilo 71, BMI 24.6, yaani wa kawaida. Ukiishia hapo utamwambia kuli apungue na mume wangu aendelee hivyohivyo. Sasa weka tepu. Tumbo la kuli ni inchi 31 na nusu, sentimita 80, mwili wote misuli ya kubeba magunia. La mume wangu ni sentimita 98. Na aliyekutwa na sukari ni mume wangu.

Wazee nao BMI huwapita pembeni, kwani misuli hupungua na mafuta hushika nafasi yake, kilo zikabaki palepale. Mjamzito, au mtu aliyevimba miguu kwa kujaa maji, asijihukumu kwa hesabu hii hata kidogo. Aliyepo kwenye ujauzito afuate mizani ya kliniki na maelezo ya mkunga.

Tepu

Utasema fundi lazima asifie tepu yake. Nakubali kwamba naipenda. Lakini si mimi niliyesema.

Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari, presha na moyo. Ya mapajani na kwenye makalio hayana madhara kiasi hicho. Utafiti mkubwa wa mshtuko wa moyo uliofanyika nchi 52, ukiongozwa na Salim Yusuf, ulichapisha mwaka 2005 kwamba kiuno ukikigawanya kwa nyonga kinatabiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko BMI. Niliposoma hilo nilifungua daftari langu, maana namba hizo mbili ninazo za wateja wote. Kiuno 34, nyonga 44: inakuja 0.77. Shirika la Afya Duniani linaweka mstari kwenye 0.85 kwa mwanamke na 0.90 kwa mwanaume.

Kwa kiuno peke yake, mistari inayotumika sana ni sentimita 80 kwa mwanamke, na 94 kwa mwanaume. Kwa inchi za fundi ni 31 na nusu, na 37. Hatari inakuwa kubwa zaidi kuanzia 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume. Mistari hiyo ilitokana na vipimo vya Wazungu, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilisema Waafrika waitumie mpaka ya kwao ipatikane. Mwaka 2018 ukatoka uchambuzi wa data za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara ulioonyesha kwamba kwa wanaume wetu hatari huanza mapema zaidi, karibu na sentimita 81, sawa na wanawake. Kwa hiyo mwanaume mwenye 90 asijipongeze haraka. Na kwa ndugu zetu wenye asili ya India, mstari wa mwanaume ni 90.

Kukumbuka namba zote hizo ni kazi, ndiyo maana kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakina namba. Mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilishauri watu wazima ambao BMI yao iko chini ya 35 wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu wao. Chukua uzi au kamba isiyovutika. Simama bila viatu, mtu akupimie kuanzia utosini hadi kisiginoni, akate. Ikunje katikati. Sasa jizungushie tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi au kanga nyepesi, ukiwa umesimama wima na umeshatoa pumzi bila kujikaza. Ncha zikikutana na kupitana, kiuno chako hakijafika nusu ya urefu. Zisipokutana, lile pengo ndilo ulilozidi.

Wanaume wengi hapa huvuta tumbo ndani. Nawaambia waongee nami, wataje majina ya watoto wao, nami napima wakiwa katikati ya sentensi.

Tepu nayo ina mapungufu yake. Ukiishika juu kidogo au chini kidogo namba inabadilika, kwa hiyo pima mahali palepale kila mara, mara mbili, na ikiwezekana mkono uwe wa mtu yuleyule. Kwa mtu mnene sana haikuongezei habari, kwani hali yake imeshajulikana. Na haiwezi kukuonyesha mtu aliyepungua kupita kiasi. Hapo mizani na BMI ndivyo vinavyosema.

Uchague kipi?

Mwanaume aliyepita miaka 30, hasa wa kukaa ofisini au kwenye usukani: uzi. Mizani na suruali vyote viwili vinaweza kukuficha.

Mwanamke wa madera na lasitiki: uzi pia, kisha mizani mara moja kwa mwezi. Andika mahali, usikumbuke kwa kichwa.

Mwenye mwili wa kazi nzito au mazoezi: BMI ikikutisha iache, angalia tepu.

Anayehisi amenenepa na watu wazima wenzake hawaoni hivyo, au binti anayejinyima chakula: BMI kwanza, ipigwe na mtu wa afya, na azungumze naye. Huyu simshauri kujipima kila siku. Kipimo cha kila siku humzidishia mawazo.

Anayepungua bila kukusudia: mizani, na haraka. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwa mfano kilo 4 kutoka 70, na hukubadilisha chochote, nenda hospitali, hata kama watu wanakwambia umependeza.

Anayetumia dawa za sukari au presha: vyote viwili, tepu na mizani, na daftari lako liende nawe kliniki. Wifi yangu ndiyo anaanza hivyo. Alikataa mizani mara tatu, uzi akaukubali kwa sababu tulipimana chumbani, mlango umefungwa, bila mtu mwingine. Mpime mtu faraghani. Namba ukiisoma kwa sauti mbele ya wateja hutamwona tena.

Dukani kwangu daftari sasa lina safu mpya baada ya kiuno na nyonga: tumbo. Siijazi mpaka mteja mwenyewe aseme ndiyo. Uzi wa mume wangu tumeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Siku ya kwanza pengo kati ya ncha mbili lilikuwa inchi tano. Jumapili iliyopita aliutungua mwenyewe, akaniita nikamshikie nyuma. Limebaki la vidole vitatu.